Dirisha la Shangazi

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ndefu, birika tatu za umeme, mabakuli meupe ya kaure yaliyopangwa mstari mmoja, na mbele ya kila mwonjaji, chini ya meza, ndoo ya kutemea. Sakafu ilipigwa deki kwa maji matupu, maana harufu ya sabuni huharibu hukumu, na kwa sababu hiyohiyo waonjaji walikatazwa manukato, sigara na vitunguu tangu jana yake. Maji yalimiminwa yakiwa bado yanatokota, majani yakaachwa yaloe, kisha kila mtu akachota kijiko kimoja, akakivuta kwa kelele ambazo nyumbani zingemletea kofi, akakizungusha mdomoni, akatema. Kumeza ilikuwa mwiko. Anayemeza anashiba mapema, na ulimi ulioshiba hupendelea.

Kamati ilikuwa ya watu watano na kazi yake ilikuwa kutoa nyota ya dhahabu kwa chai bora ya mitishamba ya mwaka. Zililetwa chai za kushusha presha na chai za kupandisha, za kulalia na za kuamkia, za kurudisha ujana na za kurudisha waume. Kamati ilipima rangi, harufu, ladha, na kile kinachobaki mdomoni baada ya kutema. Kama chai inaponya au haiponyi, hilo halikuihusu kamati. Lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye pakiti, tena kwa wino wa kung'aa, na mtu mwenye heshima zake hawezi kubishana na wino wa kung'aa.

Aliyeheshimiwa kuliko wote pale mezani ni mwanamke mmoja mwembamba ambaye kazini walimwita Ulimi. Angeweza kukwambia mchaichai umekatwa asubuhi au jioni, na kama tangawizi imekaa karibu na mafuta ya taa. Hakuwahi kutoa alama ya upendeleo wala ya chuki. Hilo lilimpa jina zuri na marafiki wachache.

Mwaka uliotangulia nyota ilikwenda kwa chai iitwayo Safi Mpaka Ndani: mchaichai, mnanaa, majani ya mlonge na ganda la chungwa. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa viatu vyeupe aliyekuwa akiuza mitungi ya gesi kabla hajaupata wito wake wa kuwahudumia wagonjwa. Watu walimwita Bosi wa Chai. Pakiti yake iliahidi kusafisha damu, ini, figo na mawazo, na baada ya miezi kadhaa wanywaji wakaanza kuona matokeo. Wakawa kama kioo.

Ilianzia kwenye kucha na ndewe za masikio, ikapanda mikononi, ikashuka kifuani na tumboni. Ngozi na nyama ziligeuka kioo, mifupa na vya ndani vikabaki na rangi zake. Uso haukuguswa. Bosi wa Chai alieleza redioni kwamba uso utashughulikiwa kwenye toleo lijalo. Ofisini watu walijifunza kutomtazama mwenzao mara tu baada ya chakula cha mchana, na kina mama walijua nani kala maandazi ya nani bila kuuliza. Basi, maisha yakaendelea.

Shangazi yake Ulimi alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na ndiye aliyemlea Ulimi tangu mama yake alipofariki. Alimlea kwa uji, kwa masomo na kwa kumkemea, na Ulimi alimpenda kwa namna ambayo ilimfanya ashindwe hata kumkatia simu. Shangazi hakuwa mtu wa dawa za mitaani. Lakini alipoiona ile nyota kwenye pakiti alisema, "Hii mwanangu ameionja," akanunua katoni.

Alipokuwa kioo cha kutosha, Shangazi aliona ni ujinga kufunika kitu kilichosafishwa kwa taabu yote hiyo. Akachukua nailoni ya kufunikia meza, ile isiyo na maua, akakata kipande na kukishonea kwenye gauni, kuanzia kifuani hadi kiunoni. Likawa dirisha. Kesho yake mke wa mwenye duka akaja na gauni lake. Wiki iliyofuata foleni ilifika barabarani, na sare za shule zikawekwa kando. Akashona madirisha ya duara na ya mraba, yenye lesi na yenye zipu. La kuvaa msibani lilikuwa na kipazia.

Ni Ulimi aliyeshtuka kwanza. Alikwenda kumsalimia siku ya mapumziko, akamkuta amekaa mashineni, jua linampiga kupitia dirisha la gauni, na kwenye ini, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe wa kijivu, mkubwa kama limau.

"Shangazi, hicho nini?"

"Kipi? Aa, hicho. Hizo ni takataka." Shangazi hakuinua mguu kwenye pedeli. "Chai inazikusanya kwanza mahali pamoja, halafu inazitoa. Bosi wa Chai mwenyewe amenieleza. Mwezi uliopita kilikuwa kama zabibu. Si unaona inavyofanya kazi?"

Ulimi akambembeleza, akanuna, akalia kidogo, na hatimaye akampeleka hospitali. Daktari hakuagiza picha ya aina yoyote. Alivaa miwani, akainama mbele ya dirisha, akatazama kama mtu anayetafuta bei ya kitu dukani, kisha akasimama. Alisema uvimbe unaweza kukatwa mwezi huu. Mwezi ujao hatoi ahadi. Aliyasema polepole, mara mbili, na mara ya pili alimtazama Ulimi.

"Asante mwanangu," Shangazi alimjibu daktari. "Sasa niambie, hospitali yenu ina nyota?"

Daktari akakiri kwamba haina.

Walipofika nyumbani Shangazi akaweka maji jikoni, akanywa kikombe chake pale mlangoni, na Ulimi akaitazama chai ikishuka kooni, ikipita kifuani, ikaufikia uvimbe na kuuzunguka kwa adabu, kama mtu anayempisha mkubwa njiani.

"Usinitazame hivyo," Shangazi alisema. "Mimi si mtu wa kichwa kigumu. Tufanye hivi. Shindano si wiki ijayo? Chai ikikosa nyota mwaka huu, nitajua imekwisha nguvu, nitakwenda kukatwa. Sitakuuliza swali hata moja. Ikipata, na wewe uniache."

Ulimi akakubali. Alikubali haraka sana, kwa sababu kamati ilikuwa ya watu watano tu na mmoja wao alikuwa yeye.

Lakini kwanza alijaribu njia iliyonyooka. Alimfuata Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyevaa tai hata wakati wa kutema, akamweleza habari ya uvimbe bila kuuma maneno.

"Chai ile haiponyi, Mwenyekiti."

"Nani alisema inaponya?"

"Pakiti."

"Basi zungumza na pakiti." Mwenyekiti akalainisha sauti, maana alimpenda. "Ulimi, binti yangu, tukianza kuuliza chai inafanya nini tumboni, tutaonja nini? Nani ataleta? Sisi kazi yetu inaishia kwenye meno."

Siku ya shindano mabakuli yaliwekwa bila majina, herufi tu. Ulimi aliitambua kwenye bakuli la nne, kwanza kwa pua, kisha kwa lile ganda la chungwa linalokuja mwisho, baada ya mnanaa kuondoka, kama mgeni aliyesahau mwavuli akarudi kuuchukua. Alivuta kijiko cha pili kuhakikisha. Ilikuwa chai nzuri. Mwaka huu ilikuwa nzuri kuliko mwaka jana. Walikuwa wamepunguza mlonge, na uchungu wake sasa ulikaa mahali pake. Angefurahi mno kama ingekuwa mbaya. Alikaa na kijiko mkononi akimwonea hasira aliyelima ule mchaichai.

Akatema, akapiga moyo konde, akaandika mbili kwa kumi. Ilikuwa alama ya kwanza ya uongo katika maisha yake. Mkono haukutetemeka, na jambo hilo lilimshangaza kuliko madirisha yote ya mjini.

Wenzake waliandika tisa, tisa, nane na kumi. Katibu akajumlisha chai zote, kisha kabla ya kutangaza akafuata kanuni: kwa kila bakuli, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa, hesabu inafanywa kwa zilizobaki. Kanuni hiyo ilikuwa imepitishwa kulinda haki, baada ya mwonjaji mmoja wa kamati kuipa sifuri chai ya shemeji yake kwa sababu ya ugomvi wa uzio. Kila mtu aliisifu wakati huo. Aliyeipendekeza, akaiandika na kuitetea kwa hotuba fupi, alikuwa Ulimi.

Katibu akaifuta ile kumi. Akaifuta ile mbili. Bakuli la nne likashinda kwa mbali.

"Mwenzetu mmoja leo alikuwa na mafua," Mwenyekiti alisema, akitazama dari, na wote wakacheka kwa upole. Hakuna aliyemtazama Ulimi. Wote walijua, na wote walimsamehe palepale, na kusamehewa huko kulimuuma kuliko kama wangemfukuza.

Jioni alimkuta Shangazi amekwisha sikia. Mpaka majirani walikwisha kuja kumpongeza. Alikuwa amekaa kibarazani na kikombe chake, na limau lilikuwa limekwisha kuwa chungwa dogo.

"Uliipa ngapi?" aliuliza.

"Mbili."

Shangazi akatabasamu. "Kwa ajili yangu."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa hebu niambie ukweli. Si kama mtoto wangu, kama mtu wa kazi." Akamsogezea kikombe. "Ni nzuri, si nzuri?"

Ulimi alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ameyapanga tangu asubuhi, na mengine yalikuwa na machozi ndani yake. Lakini aliulizwa kama mtu wa kazi, na kwenye kazi alikwisha kusema uongo mmoja siku hiyo, akaona faida yake.

"Ni nzuri," akasema. "Ila mwaka jana nilisema ni tamu tu, shangazi. Sikusema chochote kingine. Mimi sijawahi kuinywa."

"Hujawahi?"

"Hatunywi. Tunatema."

Kioo cha shingo ya Shangazi kilipanda na kushuka. "Basi mnapoteza vitu vizuri," akasema, akamalizia kikombe. "Na tumekubaliana. Uniache."

Ulimi alimwacha, kwa maana ya kwamba alikuja kila siku na hakulitaja tena. Mwezi wa daktari ukaisha siku ya Jumanne. Siku hiyo Shangazi alishona madirisha matatu na kulalamika kwamba pedeli imekuwa nzito. Pedeli ilikuwa ileile. Mtu ndiye aliyekuwa amepungua. Majirani walimsifu kwa kupungua, wakauliza anakunywa vikombe vingapi kwa siku.

Sherehe ya kukabidhi nyota ilifanyika ukumbini, chini ya taa kali, na Bosi wa Chai alimwalika Shangazi kama mteja wa mfano. Alimtuma dereva. Alimpandisha jukwaani kwa mkono wake mwenyewe, akamwita mama, akawaambia watu wamtazame. Watu wakamtazama. Kupitia dirisha lake jipya, lenye lesi pembeni, waliyaona mapafu yakifanya kazi vizuri, figo zikiwa zimetulia, na ule uvimbe, ambao sasa ulilala juu ya ini kama ndio mwenye nyumba. Taa zilikuwa nzuri, hivyo hata waliokaa nyuma kabisa hawakukosa kitu. Wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mama mmoja wa safu ya mbele alimnong'oneza mumewe kwamba takataka zikishakuwa kubwa hivyo ujue zinakaribia kutoka.

Ikaja zamu ya picha ya tangazo. Mpiga picha alikuwa kijana wa kuvutia aliyejua kazi yake. Alipiga mbili, akatazama kwenye kamera, akakuna kidevu.

"Mama, samahani. Ile pakiti, ishike mbele kidogo. Iteremshe. Sogeza kulia kwako. Hapo. Hapo hapo, mama, usitikisike."

Pakiti iliufunika uvimbe wote, na ukubwa ulilingana sawasawa. Kila kitu kilichobaki dirishani kilikuwa safi. Bosi wa Chai akasema ndiyo hiyo, ndiyo hiyo hasa.

Lakini mkono wa Shangazi ulikuwa umekwisha nguvu. Kila mpiga picha alipohesabu, pakiti ilishuka, uvimbe ukachungulia kwa juu, na picha ikaharibika. Wakajaribu tena. Shangazi aliomba radhi. Hakuwa amezoea kumharibia mtu kazi, na ungemwona ungejua anaona aibu.

"Hakuna mtu wa kumshikia?" mpiga picha aliuliza. "Wewe dada, wewe wa kamati. Simama pembeni, hutaonekana."

Ulimi akapanda jukwaani. Akapiga goti kando ya shangazi yake, nje ya picha, akapitisha kiganja chini ya kile kiwiko cha kioo, akakiinua mpaka pakiti ikakaa mahali pake. Kilikuwa chepesi na baridi. Akakishikilia hivyo hivyo, bila kutikisika, mpaka picha zote zikapigwa.