Wageni Wasiojua Kukataa Chai

Alhamisi alasiri Bi Effat alikuwa jikoni kwake Finchley, kaskazini mwa London, akichambua kotimiri na majani ya uwatu kwa mchuzi wa Ijumaa. Mjane wa Kwanza alikaa ng'ambo ya meza akimsaidia, ila alikuwa akitupa majani na kubakiza mabua. Mama wa Mshukiwa alisimama dirishani. Mwanamke Mwenye Bomu alikuwa amejinyoosha kwenye sofa na viatu vyake miguuni.

Wote walikuwa na sura moja, sura ya Roshanak, binti wa Bi Effat, ambaye ni mwigizaji. Roshanak alizaliwa hapo hapo Finchley, akasomea uigizaji, na chuoni walimtuza kwa kuigiza malkia. Lakini tangu aingie kwenye filamu hupewa kuigiza wanawake wa ushungi, wanaolia kidogo na kufa kabla hadithi haijafika katikati. Kila filamu ikishaonyeshwa, kesho yake yule aliyekufa hubisha hodi kwa Bi Effat. Hana kwao kwingine. Waandishi hawakumwandikia nyumba.

Kutembelewa na wafu si jambo la kumsumbua Bi Effat. Marehemu mumewe huja kila Alhamisi, kama wafu wote wa Kiajemi. Husimama mlangoni, akaambiwa karibu chai, akasema asante, usijisumbue. Akaambiwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu ndipo hukaa, akanywa bilauri moja na kipande cha sukari mdomoni, akaaga kabla ya taarifa ya habari. Kilichomchosha Bi Effat ni kwamba hawa wengine hawaondoki, na adabu hawana. Ukisema "karibu", mkono umeshafika kwenye bilauri.

"Siwalaumu," alimwambia Roshanak alipoingia na mkate chini ya kwapa. "Wameandikwa na watu ambao hawajawahi kualikwa kwetu. Lakini jana huyu wa bomu kala ukoko wote wa wali. Wote, mama. Hata hakuniuliza kama nimeonja."

"Nitasema naye."

"Utasema naye nini? Kiajemi chenyewe hajui."

"Mwanangu hana hatia," alisema Mama wa Mshukiwa kutoka dirishani. Ndilo neno pekee alilopewa.

"Najua, mama, najua," Bi Effat akamjibu. "Nisogezee hiyo chumvi." Naye akaisogeza.

Roshanak alikuwa anasubiri simu. Alikuwa amefanyiwa usaili wa nafasi ya Daktari Heather, tabibu wa watoto katika tamthilia ya hospitali. Daktari Heather ana bustani, hugombana na dada yake, na yu hai mpaka mwisho. Bi Effat alikuwa akiuliza habari zake kila siku kama mtu anayeuliza habari za mkwe. Macho yake yalikuwa yanafifia, na hospitali walishamwambia kwa upole kwamba hayatarudi. Hakuwahi kutazama filamu ya binti yake mpaka mwisho. Roshanak anapokufa, yeye huinuka kwenda kuchemsha maji.

"Mara moja tu," alisema. "Nikae mpaka majina ya mwisho yapande, na wewe uwe hai."

Simu ikalia. Alikuwa Clive, wakala wa Roshanak, na Roshanak akaiweka kwenye kipaza sauti ili mama yake asikie.

"Wamekupenda sana," Clive alisema. "Mmoja alilia."

"Kwa hiyo nimepata?"

"Heather kapewa msichana mwingine. Wanaona sura yako haiendani na jina la Heather."

"Basi wabadilishe jina."

"Nimewaambia. Wanasema wakilibadilisha itabidi waeleze huyo daktari katokea wapi."

"Katokea Finchley, Clive."

Clive hakuwa mtu mbaya. Kila mwaka mpya wa Kiajemi humletea Bi Effat maua, na hukumbuka ni yapi yanamwasha macho.

"Wamekuandikia nafasi yako mwenyewe," akasema. "Mama wa mtoto mgonjwa. Anakufa kwa heshima."

"Ana jina?"

"Bado wanalifikiria."

Roshanak alitaka kukataa, na safari hii hakutaka kukataa kwa adabu. Bi Effat akafuta mikono kwenye aproni.

"Usipomchukua wewe watampa mwingine, na hatajua pa kwenda akishakufa. Mchukue. Ila umfundishe kukataa chai kabla hajafa, maana mimi nimechoka."

Kwa hiyo Roshanak alimchukua. Siku ya kupiga picha, Daktari Heather alipomletea chai katika kikombe cha karatasi, Roshanak aliweka mkono kifuani akasema, "Asante, usijisumbue."

Mwongozaji akasimamisha kazi. "Kwa nini anakataa? Ataonekana kama anaficha kitu."

"Anasubiri aambiwe tena."

"Mtazamaji hatasubiri."

Yule msichana aliyeigiza Heather, Imogen, alisema yeye yuko tayari kumkaribisha hata mara tatu, chai ikipoa watapasha. Basi wakaipiga kwa namna zote mbili, mwongozaji akasema imependeza, na Roshanak alimpigia mama yake simu akiwa bado na ushungi.

Usiku wa kuonyeshwa, Bi Effat alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo cha televisheni. Wanawake walikaa nyuma yake. Heather alileta chai. Mkono wa mama wa mtoto ukaanza kupanda. Mara ikaonekana korido ya hospitali, na picha iliporudi chumbani, kikombe kilikuwa tayari mikononi mwake na anakunywa.

Bi Effat akainuka kwenda kuchemsha maji.

Kesho yake hodi ikabishwa. Mgeni alikuwa na gauni la hospitali, miguu mitupu. Roshanak alifungua mlango, akampisha kama mtu anavyojipisha kwenye kioo.

"Karibu chai, mama," alisema Bi Effat.

Mkono wa mgeni ukapanda. Ulipofika usawa wa tumbo ukasimama, pale pale walipoikata picha. Bi Effat akasubiri. Akaweka bilauri chini, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaufikisha kifuani na kuushikilia hapo kwa muda. Alipouachia, ulishuka na kuchukua chai.

"Asante," alisema mgeni. Alikuwa hana neno jingine.

"Wamekata, mama," alisema Roshanak. "Niliwasihi."

"Nimeona. Hilo bado naliona." Akafungua chungu, akaongeza mchele. "Haya, mpeni nafasi mwenzenu. Na ukoko asiguse mtu mpaka niseme."

Mwanamke Mwenye Bomu akakunja miguu kumpisha mgeni kwenye sofa. Viatu hakuvua.