Shali Ndani ya Friza

Ingunn alikuwa ameshatoa amri, na amri za Ingunn si za kuchezea. Mtu yeyote asinunue kitu chochote, hata soksi moja, mpaka mtoto atoke na kulia. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka katika miaka tisa, na mara ya kwanza walikuwa wameshapaka chumba rangi ya njano. Safari hii alifika wiki ya ishirini na nne, mtoto anarusha mateke usiku kucha, na bado nyumbani kwao Bergen hapakuwa na hata nepi. Mumewe, Sjur, alitii. Mama yake Ingunn, Gudveig, naye alikubali kwa kichwa, kisha mwezi wa tano akaenda visiwa vya Shetland, ng'ambo ya bahari, na kwaya ya kanisa, kwa meli ndogo waliyokodi, na huko amri ikamshinda.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Gudveig alikuwa mjane wa miaka sitini na tatu, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye banda la kushona nyavu kisiwani Austevoll. Mtu wa uzi kama huyo ukimpeleka mahali ambapo wanawake hufuma shali za watoto nyembamba hadi zinapita ndani ya pete, halafu ukamwambia asiguse, unamtafutia dhambi tu.

"Unatafuta nini tena, shoga?" aliuliza Borghild, mwimbaji mwenzake, walipokuwa wanatoka duka la tatu. "Umepekua kila rafu. Ungekuwa panya wangeshakutega."

"Natafuta kitu ambacho mtoto mwingine hana."

"Mtoto yupi? Si mmekatazwa?"

"Nimekatazwa kununua Norwe. Hapa ni ng'ambo."

Borghild alicheka hadi akashika ukuta. "Haya, bibi we. Ingunn akikushika, mimi sikuwepo."

Mwenye duka ndiye aliyewaelekeza kwa Mima, bibi wa miaka themanini na minne aliyekaa Unst, kisiwa cha mwisho kabisa upande wa kaskazini. Kesho yake Gudveig akakimbia mazoezi ya kwaya, akavuka vivuko viwili, akagonga mlango wa nyumba iliyonuka moshi na kondoo.

Mima alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso. "Hiyo mikono imeshika kamba," alisema.

"Nyavu, mama. Miaka thelathini."

"Basi kaa."

Akaleta foronya, akaingiza mkono, akatoa kitu kilichojikunyata, cheupe kisicho na ung'avu, kama tambara la kufutia meza. Gudveig alijitahidi kuficha alichokifikiria, na hakufanikiwa.

"Umekunja uso," alisema Mima.

"Hapana, mama."

"Umekunja. Wote hukunja. Shali ikitoka kwenye sindano huwa hivi hivi, hata mimi niliyeifuma siitaki kuiangalia. Uzuri wake unatoka ikifuliwa na kuvutwa. Maji ya vuguvugu, kisha unaitandaza, kila ncha na pini yake, unavuta mpaka unaona huruma. Ikikauka, ndipo utajua nilichofanya majira yote ya baridi."

"Kwa nini hujaivuta basi?"

"Shali haivutwi kwa ajili ya kabati. Inavutwa kwa ajili ya mtu. Akija, utaivuta wewe mwenyewe, mikono unayo." Akanyoosha kiganja. "Lete pete."

Pete haikutaka kutoka. Torleiv, mumewe, ndiye aliyeivisha, na sasa ana miaka sita makaburini, kidole kimenenepa, pete imekaa. Ikabidi sabuni ya vyombo. Mima akashika pete, akaichomeka pembe moja ya shali, akavuta taratibu, na shali yote, ya kumfunika mtu mzima, ikapita mle ndani bila kukwama. Gudveig alijikuta analia, na hakuona haya.

"Ni wa nani huyo mtoto?"

"Wa binti yangu. Amekataza tusinunue kitu kabla hajazaliwa. Anaogopa."

Mima akaikunja shali na kuirudisha kwenye foronya. "Ana haki ya kuogopa," alisema. "Na wewe una haki ya kungoja. Ifiche vizuri."

Gudveig akalipa, na nyumbani kwake Austevoll akaificha kwenye friza. Nondo hawaingii mle, na Ingunn pia haingii, kwa sababu tangu ashike mimba harufu ya samaki ilikuwa inamtapisha. Shali ikalala ndani ya mfuko wa mkate, chini ya minofu ya samaki na ndoo ya matunda ya msituni. Kila Gudveig alipokwenda kuchukua samaki wa chakula cha jioni aliusukuma ule mfuko kwa kidole, akacheka peke yake. Alikuwa na furaha miezi ile kuliko alivyokuwa nayo tangu Torleiv aondoke.

Simu ilikuja Jumapili asubuhi, mwishoni mwa mwezi wa nane. Ilikuwa Sjur, na Gudveig alijua kabla hajatamka neno, kwa sababu Sjur si mtu wa kupumua namna ile. Mtoto alikuwa ameacha kucheza tangu juzi yake. Walikwenda hospitali, wakatafuta mapigo ya moyo, hayakuwepo. Kamba ya kitovu ilikuwa imejisokota. Ingunn alikuwa amemzaa alfajiri ile, mvulana, wiki ya thelathini na nane, amekamilika hadi kucha.

"Mama," alisema Sjur. "Mkunga ameuliza kama tuna nguo zake. Hatuna kitu. Leo Jumapili, kila duka limefungwa. Huna chochote cha Ingunn alipokuwa mdogo?"

Hakuwa nacho. Vyote aliviuza kwenye mnada wa kanisa miaka mingi iliyopita, akisifiwa kwa moyo wa kutoa.

"Nitaleta kitu," alisema.

Akakata simu, akakaa sakafuni mbele ya friza. Mfuko wa mkate ulikuwa mle. Aliambiwa asinunue, akanunua. Binti yake wa pekee alimwomba jambo moja tu, na yeye akalifanyia mzaha wa ng'ambo na nyumbani, akacheka na Borghild barabarani. Alijua kwamba shali haiui mtoto. Alilijua hilo vizuri sana, na bado alikaa pale sakafuni akijiona muuaji. Na je, Ingunn? Akiiona, ataona nini ila mama aliyeshindwa kufunga mkono wake kwa miezi minne? Ingunn angeweza kuwapoteza mtoto na mama siku moja.

Lakini mle hospitalini mjukuu wake alikuwa hana nguo. Gudveig akafungua friza.

Alijaza beseni maji ya vuguvugu, akaizamisha shali mpaka ugumu wa barafu ukaisha. Akaikamua ndani ya taulo, akaitandaza juu ya godoro la chumba cha wageni, akaanza kuchoma pini. Ncha zilikuwa mia na ishirini. Pini zilipoisha akatumia sindano za kushonea, na sindano zilipoisha akavua beji yake ya kwaya akatumia pini yake. Alivuta, akavuta tena, na kila alipovuta kazi ya Mima ikafunguka mbele yake: mawimbi pembeni, kisha nyayo ndogo za paka, na katikati matundu madogo madogo yasiyohesabika. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na uzuri wenyewe ukamtia hasira. Akafungua dirisha, upepo wa bahari ukaingia, na mchana shali ilikuwa imekauka.

Kwenye kivuko hakukaa na watu. Alisimama nje akiwa ameiweka shali chini ya koti, imebanwa tumboni, kwa sababu hakutaka imfikie mtoto ikiwa na baridi. Njia nzima alikuwa anatengeneza uongo. Angesema ilikuwa ya mama yake Torleiv, ilisahaulika sandukuni, ameikumbuka leo. Uongo mzuri, usioumiza mtu. Aliusema kwa sauti mara mbili, akaridhika nao.

Ingunn alikuwa ameegemea mito, uso umevimba. Mtoto alikuwa pembeni yake kwenye kitanda kidogo chenye ubaridi wa kumhifadhi, amevishwa fulana ya hospitali na kufunikwa kitambaa chenye mistari ya buluu na mhuri. Alikuwa na kidevu cha Torleiv. Gudveig hakujiandaa kwa hilo kidevu, na ilimbidi Sjur amshike mkono.

"Nilitaka asiwe na kitu mpaka niwe na uhakika," alisema Ingunn, macho yakiwa juu ya dari. "Sasa kila alichovaa ni cha kurudisha."

Gudveig akafungua koti, akamwekea shali mapajani. Ingunn aliigusa, kisha akaingiza vidole vyote.

"Ina joto."

"Nilikuwa nimeibeba mwilini."

Ingunn akainua pembe moja, akaiangalia kwenye mwanga wa dirishani. Mkono ukasimama. "Umeitoa wapi, Mama? Leo Jumapili."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Gudveig alimtazama mjukuu wake, kile kidevu, na ukakataa kutoka.

"Shetland," alisema. "Nilikuwa nimeificha kwenye friza. Ulinikataza, na mimi nikanunua. Nisamehe, mwanangu."

Sjur aliangalia sakafu. Ingunn aliendelea kuishika shali. Gudveig akaanza kufunga koti lake, kifungo kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kufukuzwa.

"Shetland ilikuwa mwezi wa tano," alisema Ingunn mwishowe.

"Ndiyo."

"Wiki ya ishirini na nne. Ile wiki alikuwa ananipiga mateke silali."

"Uliniambia kwenye simu. Nilikuwa mlangoni kwa yule bibi aliyeifuma."

"Kwa hiyo ulipomnunulia alikuwa hai."

"Alikuwa hai," alisema Gudveig.

Ingunn akajifunika uso kwa shali, akalia kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia, hata mara zile tatu. Gudveig akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia, wakalia pamoja, na Sjur akaja akakaa miguuni.

Baadaye Ingunn alijifuta uso, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Mvue hivyo vyao, Mama," alisema. "Warudishiwe. Hii ni yake."

Shali ilikuwa kubwa mno kwake. Wakaikunja mara mbili, wakaikunja tena, na hawakukata hata uzi.