Nakala Iliyolala Inyonga

Ummy Rahim alikuwa anajua kupanga, tena alijua kwamba anajua. Yeye ndiye fundi wa kompyuta wa chama cha warina asali pale Mpanda, na siku hiyo alisimama mbele ya bodi kueleza mpango wake: kila siku saa saba mchana, seva ya barua pepe ipigwe picha. Si picha ya kamera. Ni hali nzima ya barua kama ilivyo sekunde hiyo, ihifadhiwe, ili seva ikiharibika kila kitu kirudishwe.

"Na hiyo nakala italala wapi, mwanangu?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Damiano, mrina wa Inyonga ambaye hata simu yake ilikuwa kitochi cha vitufe.

"Kwenye diski, Mzee. Pembeni ya seva."

"Chumba kimoja?" Mzee alicheka. "Sisi mizinga hatutundiki yote mti mmoja. Nyegere akija kula asali je? Ipeleke Inyonga."

Ummy, na diploma yake ukutani, aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini tangu siku hiyo kila picha ikawa inatumwa kwa mtandao hadi ofisi ndogo ya Inyonga.

Mwezi wa tatu, Alhamisi saa tisa alasiri, radi ikapiga ofisi. Seva iliungua, na diski ya pembeni ikaungua nayo. Vyeti vya maabara vya asali ya msimu mzima vilikuwa ndani ya barua zile, na mnunuzi alishasema wazi: visipomfikia Ijumaa kabla ya jioni, ananunua kwingine. Kuvitoa upya ni wiki mbili.

"Da Hadia, si ulishavituma?" Ummy alimuuliza katibu.

"Barua nilimaliza saa nane, nikawa namsubiri meneja aisome." Hadia alikuwa analia.

Mtandao wa ofisi nao ulikuwa umekatika, na wa simu usingebeba mzigo mkubwa hivyo, kwa hiyo Ijumaa saa tano Mzee Damiano alishuka kwenye basi la Inyonga akiwa ameipakata diski ya nakala kama mtoto mchanga. Ummy aliichomeka kwenye kompyuta ya kuazima. Kuhifadhi alikuwa amehifadhi kila siku. Kurudisha hakuwahi kujaribu hata mara moja, na hilo hakuthubutu kumwambia mtu.

Saa tatu nzima walikodolea macho kioo kitupu. Kisha barua zikaanza kuingia, za miaka sita, kila moja na tarehe yake. Hata zile ambazo meneja hakuwahi kuzifungua zilirudi zikiwa hazijafunguliwa. Ummy alijishika mdomo. Mtambo ule aliufunga kwa mikono yake, anaujua waya kwa waya, na bado nywele zilimsimama.

"Mungu si Athumani," alisema Mzee, akavua kofia.

Vyeti vilikuwepo vyote. Hadia akafungua barua aliyokuwa akiiandika siku ile ya radi, wala haikuwa imekamilika: *Ndugu, tunawatumia vyeti vya asali ya* — basi, imeishia hapo. Alhamisi, saa saba kamili, picha ilikuwa imemkuta katikati ya sentensi.

"Hapa ndipo nilipokuwa," alinong'ona. "Hapa hapa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Hadia akavuta kiti, akafuta machozi, akaiendeleza sentensi.