Moto wa Kinu Kimoja

Kila mtu pale kwenye kituo cha kufua umeme alimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa msimamizi wa boila namba tatu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mikono mipana na mdomo usiokopesha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amelisikiliza boila lile mpaka akalijua kama mtu anavyomjua mumewe. Akipita tu karibu nalo alitambua kama limeshiba au lina njaa, na kama limeamka vibaya.

Boila lilichoma makaa ya mawe yaliyochimbwa kilimani, upande wa pili wa mji, na mmoja wa wachimbaji alikuwa mdogo wake wa kiume. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mdogo alichimba, dada akachoma, na mji ukawasha taa. Watoto wao wote walisomeshwa na makaa yale.

Kisha zikaja paneli za sola. Ziliwekwa kwenye uwanda nyuma ya vilima vya majivu, maelfu kwa maelfu, na watu wakashangilia. Lakini baada ya mwaka mmoja tatizo likajitokeza. Ifikapo mchana jua linawaka, paneli zinatoa umeme tele, na boila namba tatu nalo linaunguruma pale pale, kwa sababu halikuweza kushushwa chini ya nusu ya nguvu zake. Umeme ukawa mwingi kuliko mahitaji. Basi kila siku saa tano, amri ilikuwa moja: zimeni paneli nusu. Jua likapotea bure huku bomba la moshi likiendelea kutoa gesi ile ile ambayo serikali ilikuwa imeahidi kuipunguza. Na jioni, watu wakirudi nyumbani kupika na kuwasha taa, jua limekwisha kuaga, na hapana wa kutegemewa ila boila.

Makao makuu yakamtuma mhandisi, dada mmoja mwembamba mwenye miwani, aje atafute njia. Meneja akaitisha kikao.

"Njia ni mbili," meneja alisema. "Ama tulifunge boila namba tatu mwezi ujao na jioni tununue umeme kwa majirani kwa bei watakayopenda wao, mpaka betri zije baada ya miaka mitatu. Ama tuendelee hivi hivi na moshi wetu."

"Na kulishusha boila?" mhandisi akauliza. "Lifanye kazi robo tu mchana, jioni lipande?"

"Tumejaribu mara mbili. Likishuka chini ya nusu, moto unakufa. Haiwezekani."

Shangazi alikuwa ameshika tama. Alipolisikia lile neno haiwezekani, kuna kitu kikamgusa. Akainua mkono.

"Samahani, meneja. Liliwahi kushuka. Mwaka ule mafuriko yalipobeba reli, makaa yakawa haba. Boila likaenda kwa robo siku tisa nzima. Mimi wakati huo nilikuwa nafagia majivu, kwa hiyo sijui walifanyaje. Lakini taa zilikuwa zinawaka."

"Nani anajua?" mhandisi akauliza.

Shangazi akaushusha mkono. "Mzee Geji."

Mzee Geji alikuwa mkuu wa zamu wa zamani. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu, aliamini geji za presha tu. Ndiye aliyemtoa Shangazi kwenye ufagio. Wanaume wa zamu walipogoma kwamba hawawezi kuongozwa na mfagizi, tena mwanamke, yeye aliwaambia, "Basi nendeni mkafagie nyinyi, nafasi imepatikana." Alimfundisha kila kitu. Kisha akastaafu. Mwanzoni Shangazi alikuwa akimtembelea, halafu akawa anasema atakwenda kumwona wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa imefikisha miaka minne.

Jumamosi akaenda na mhandisi. Mzee alikuwa anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la binti yake. Walimkuta ameketi kitandani akitengeneza feni mbovu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunizika? Bado, mwanangu. Rudi baadaye."

Shangazi akacheka, lakini uso ulimwaka kwa aibu. "Nisamehe, mzee. Nimekutupa."

"Umenitupa kweli," akasema bila kinyongo. "Kaeni. Huyo msomi ni nani?"

Mhandisi akajieleza, akaeleza na shida iliyowaleta. Mzee alisikiliza huku ametega sikio la kulia, kwa kuwa la kushoto lilikwisha kuliwa na kelele za mitambo. Kisha akaweka feni chini.

"Mlipojaribu kushusha, mlivifanya nini vinu vya kusagia makaa?"

"Tulivipunguza vyote vitatu," Shangazi akajibu. "Sawasawa."

"Ndiyo maana!" Akajipiga paja. "Mna watu watatu na sahani moja ya chakula. Mkiwagawia sawa, wote wanalala na njaa. Vinu vitatu vinapuliza unga wa makaa kiduchu kiduchu, moto unakohoa, unakufa. Sisi tuliwalaza wawili. Tulizima vinu viwili kabisa, tukakishibisha kile cha chini peke yake. Moto ukawa mdogo, lakini mnene."

Mhandisi alikuwa anaandika mbio mbio. "Mbona haikuandikwa popote?"

"Niliandika. Nikampa aliyekuwa meneja. Sijui alifungia vitumbua." Kisha akaishika tena feni. "Tangu nistaafu, miaka kumi na moja, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza jambo la kazi."

Habari zilimfikia mdogo wake Shangazi kabla hata jaribio halijafanyika. Jioni hiyo akaingia jikoni kwa dada yake bila kubisha hodi.

"Dada, ni kweli? Unataka kuyapunguza makaa nusu?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Mimi nitakula nini?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Wakilifunga boila mwezi ujao, utakula nini? Mgodi wote unakufa siku moja. Likienda kwa robo mchana na kwa nguvu jioni, mnabaki na kazi mpaka betri zije. Mhandisi ameomba kwa maandishi kwamba jengo la betri litakapoanza, wachimbaji wawe wa kwanza kuchukuliwa."

"Maandishi!" Akacheka kwa uchungu. "Nimeona maandishi mengi, dada."

Akaondoka, chai imebaki kikombeni. Shangazi hakumlaumu.

Jaribio la kwanza lilifanywa Jumatatu saa tano. Mzee Geji aliletwa na gari la kituo, amevaa ovaroli yake ya zamani iliyompwaya. Kinu cha kwanza kikazimwa. Cha pili. Mshale wa geji ukashuka: nusu, theluthi. Shangazi alikuwa kwenye tundu la kuchungulia, macho kwenye kioo cha bluu, akiutazama moto ukisinyaa. Ukatikisika. Ukatikisika tena, kisha ukazimika mara moja kama mshumaa uliopulizwa, na ving'ora vikalia. Mji haukukosa umeme, maana paneli zilikuwa zote zimewashwa.

"Nilisema," meneja akanong'ona.

Mzee Geji alikokota miguu hadi kwenye mkanda wa makaa, akachota kiganja, akafinya. Mkono ukatoka na tope jeusi.

"Mabichi haya. Yamelala mvuani. Kwa vinu vitatu hamuoni tofauti, lakini kinu kimoja hakivumilii. Nipeni makaa makavu."

Makaa makavu yalikuwa kilimani tu, katika ghala la mgodi lenye paa, na ya kuutosha mkanda kwa siku nzima yalihitaji kuchambuliwa kwa mikono. Shangazi alitoka nje, akashika simu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akapiga.

"Sikupigii kugombana," akaanza. "Moto umekufa. Makaa ni mabichi. Nahitaji makavu, na najua nakuomba nini."

Upande wa pili alisikia sauti za makoleo.

"Kiasi gani?" mdogo wake akauliza.

"Lori nne."

"Dada, wewe una uso mkavu sana."

"Najua."

"Kesho asubuhi," akasema, akakata simu.

Na kweli asubuhi malori manne yalisimama getini. Mdogo wake alishuka kwenye la kwanza, mweusi kwa vumbi kutoka utosini, na nyuma yake wenzake sita ambao hakuna aliyewalazimisha kuja. Hakumsalimia dada yake. Alimwonyesha tu kiganja chake: vumbi kavu, likipeperuka.

Safari hii walishusha taratibu. Kinu kimoja, cha pili. Theluthi. Mzee Geji alikuwa amesimama nyuma ya Shangazi, mkono begani mwake.

"Hewa ya moto, ongeza kidogo. Kidogo, nimesema! Hapo. Mwache ale."

Shangazi alichungulia. Moto ulikuwa umejikunja chini kabisa, mdogo, wa rangi ya chungwa, umetulia. Mshale ukagusa robo, ukakaa. Dakika kumi. Saa moja. Ilipotimu saa kumi jioni wakawasha kinu cha pili, kisha cha tatu, na boila likapanda bila kelele. Hakuna taa iliyopepesa mjini.

Watu walipiga makofi. Mhandisi alivua miwani akaifuta, akasahau kuivaa. Shangazi alimgeukia mzee, akamshika mikono yote miwili. Alitaka kusema mengi, juu ya ufagio, juu ya miaka minne.

"Asante, mzee," akasema tu. "Asante kwa kila kitu."

"Upande huo sisikii," mzee akasema, akageuza sikio la kulia. "Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti, mbele ya zamu nzima, na mzee akaanza kupangusa macho akilalamikia vumbi.

Kisha Shangazi akatoka nje kumtafuta mdogo wake. Alimkuta ameegemea tairi la lori, anakula mkate. Aliketi karibu naye chini kwenye changarawe. Mdogo wake alimkatia kipande, na yeye akakipokea.

Karibu miaka mitatu imepita tangu siku hiyo. Paneli hazijazimwa tena mchana hata mara moja, na makaa yanayochomwa yamepungua karibu nusu. Si kila mtu alitoka salama. Mgodi ulifunga zamu moja kati ya tatu, na wenzake wawili wa mdogo wake walihama mji. Yeye mwenyewe sasa anamwaga zege kwenye jengo la betri, na anasema mgongo unamuuma vile vile, ila sasa unaumia juani. Mzee Geji huja kila Alhamisi kuwafundisha mafundi. Ripoti ya mhandisi ina jina la mzee kwenye ukurasa wa kwanza, na binti yake ameitundika dukani.

Wiki iliyopita mhandisi alipiga simu kusema betri za kwanza zimeshapakiwa melini. Zikishafungwa, boila namba tatu litazimwa moja kwa moja, na wanaomba Shangazi ndiye alizime.

"Utaweza?" mhandisi akauliza kwa upole.

Shangazi alitazama dirishani, bomba la moshi likitoa uzi mwembamba wa kijivu. Alifikiri juu ya ada za shule, paa la nyumba ya mama yake, na zamu zote zile.

"Nitaweza," akasema. "Nipeni tu dakika mbili peke yangu nalo, nipate kulishukuru kwanza."