Tulivyotembea Ushirombo Bila Kugusana

Niseme mapema: sikwenda Ushirombo kuangalia makanisa. Makanisa hata Shinyanga yapo. Nilipanda basi alfajiri kutoka kwetu Kambarage, palepale Shinyanga, kwa sababu mume wangu, Sostenes, alinipigia simu akasema, "Mama Ngusa, njoo nikutembeze mji huu wa zamani, siku moja tu, halafu urudi." Tangu mavuno yaliyopita hakuwa amekanyaga nyumbani. Nikaenda, nikajue kama bado nina mume.

Sababu aliyonipa ya kutorudi ni mwiko. Yeye na wenzake wana duara, ndilo shimo lao la dhahabu, na mganga aliwaambia kuwa mpaka mzigo wa dhahabu utoke, hakuna kulala na mke, hata kumgusa mkono. Ukikosea, dhahabu inakimbia. Mimi ni mtoto wa Kisukuma, miko naijua, sikubisha. Nikawa nalala na redio imewashwa ili nyumba isiwe kimya.

Stendi nilimkuta amesimama mbali, mikono mfukoni. Nimesuka, nimevaa kitenge kipya, nanukia.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

Basi, imetoka hiyo. Tukaanza kutembea, na kutembea kwenyewe mbio! Kanisa la wamisionari, haya, tumeliona. Makaburi ya mapadre, haya, twende. Nyumba ya matofali yenye kuta nene, haya. Yeye mbele, mimi nyuma na viatu vya kubana. Kila nikitafuta pa kukaa tuongee, anakumbuka kitu kingine cha kunionyesha.

Kwenye ngazi za kanisa niliteleza. Mkono wake ukaja, niliuona kabisa, ukaishia hewani. Nikaanguka kwa goti.

"Pole, Mama Ngusa. Si unajua mwiko."

"Najua," nikasema, najifuta vumbi. Na mjinga mimi nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, masikini, anateseka kwa ajili yetu.

Akamwomba sista mmoja atupige picha. "Sogeleaneni basi, jamani, au mmegombana?" sista akacheka. Sostenes akasogea kidogo tu. Ninayo picha hiyo kwenye simu: katikati yetu anaonekana mbuzi, anakula majani bila wasiwasi.

Mchana njaa ikamshinda, tukakaa kwa mama ntilie sokoni. Chakula kilipofika simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Hapo ndipo nikamwona Makoye, anayechimba naye duara moja, aliyekuja kwetu siku ya ubatizo wa Ngusa. Alikuwa anakuja taratibu, amemshika mkono mke wake, Rebeka, mwenye tumbo kubwa la mimba.

"Shemeji!" akaniita. "Leo uko huku?"

"We Makoye," nikasema kwa mshtuko, "unamshika mke, na mwiko je?"

"Mwiko gani? Si tuliufungua zamani, kabla hata ya mvua! Mzigo ulitoka, mganga akala kuku wake, kila mtu akarudi kwa mkewe." Akaniangalia usoni, kicheko kikamkatika. "Kwani Sostenes hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Nilikuwa nakutania tu."

Wakaenda zao. Mayu, mama yangu! Nikaisukuma pembeni sahani ya ugali na mchuzi. Sostenes aliporudi alikuwa anatabasamu bado na simu, na aliponiona tabasamu likaisha.

"Kuna kilima hatujapanda," akasema. "Ukiwa juu unaona mji wote."

Ningeweza kumwagia mchuzi ule kichwani, na nilitamani. Lakini nikataka aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikampa nafasi. Tulipofika juu, hakuna mtu, upepo tu, nikamwuliza, "Baba Ngusa, huu mwiko utaisha lini?"

Akaangalia mabati ya mji kule chini. "Bado kidogo. Mzigo haujatoka."

Nilikuwa nimesimama na mume wangu wa ndoa, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile, hata Kambarage na redio yangu. Akaanza kunionyesha kanisa, soko, stendi, nami nikawa naitikia, ehe, ehe, nimeona.

Jioni nikapanda basi, nikakaa dirishani. Akasimama chini, mikono mfukoni vilevile. Nikatoa mkono nje.

"Niage basi, Sostenes."

Akautazama ule mkono. Akarudi nyuma hatua moja. "Mama Ngusa, mwiko."

"Ah, kweli, nimesahau." Basi likaanza kunguruma. "Lakini mwonye na Makoye. Leo nimemwona sokoni kamshika mkewe mkono mchana kweupe. Na mke ana mimba. Atawakimbizia dhahabu yenu."

Mdomo ukamfunguka. Mikono ikamtoka mfukoni, akalifuata basi, akapiga bati kwa kiganja, ananiita Scolastika, jina ambalo hajaniita tangu nilipojifungua. Dereva hakusimama, na mimi sikumwomba asimame. Nikaurudisha mkono wangu mapajani, nikaushika kwa huu mwingine, nikaushikilia hivyo mpaka Shinyanga.