Chupa ya Tembo la Rabai

Matano alizijua divai za nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa vinywaji katika hoteli moja ya Shanzu. Wageni walipomtania wakamfunikia chupa kwa kitambaa, alinusa, akasukutua kidogo, akatema kwa adabu, kisha akasema: hii ya Wafaransa, upande wa kusini kwenye jua kali, hii ya Wajerumani, mizabibu ya mlimani juu ya mto. Alikosea mara mojamoja, na hapo alinuna kutwa nzima.

Hamu iliyomla ni moja, kusimama kwenye mteremko ule wa mizabibu juu ya mto. Shamba lilikuwa la Bi Helga, mama mzee aliyekuja hotelini kila Januari na picha za mizabibu yake, na Matano alikuwa ameziota mpaka akaijua njia ya kupandia. Mwaka huo wa 1989 Bi Helga alimwambia kwamba mwezi wa tisa atamchukua akaone mavuno. Ila naye alitaka kuonja kinywaji cha kwao Matano.

"Baba yako mgema, ulisema. Niletee tembo lake, nilinganishe."

Basi siku yake ya mapumziko Matano alikwenda kwao Rabai. Miaka minne alikuwa akituma salamu tu, mwenyewe haonekani.

Mzee Mgandi, baba yake, alikuwa ameacha kukwea. Magoti yalimshinda, na minazi yake sasa ikigemwa na jirani, Rama. Lakini aliposikia habari ya mgeni, jioni ile ile alikwea, akachonga karara la mnazi kwa kotama, kisu chake mwenyewe cha kugemea, akatungika kibuyu. Alfajiri akakwea tena kukiteremsha. Matano alisimama chini ameushika mnazi kwa mikono miwili, utadhani unaweza kukimbia.

"Baba, si ungemwachia Rama?"

"Mgeni wako anywe mkono wa Rama, na mimi ni hai?" Mzee alishuka kidato kwa kidato, miguu ikimtetemeka. "Ila hii ndiyo ya mwisho, mwanangu. Sipandi tena."

"Hakuna mgema kama wewe, baba."

"Usinisifu sana, nisije nikalitia maji."

Akauziba mdomo wa kibuyu kwa makumbi ya nazi, kwa kulegeza, tembo lipate kupumua, akamkabidhi.

Kabla ya adhuhuri Matano alikuwa chumbani kwake Mishomoroni, akikitazama kibuyu kile cheusi kwa moshi, sisimizi wakikizunguka. Akaona haya. Atakiingizaje mahali penye vitambaa vyeupe? Akaosha chupa ya divai, akalichuja tembo humo, akakishindilia kizibo mpaka kikaingia chote. Akaiacha mezani, akaenda kuoga. Mtoto yeyote wa Rabai anajua kwamba tembo halifungwi, maana huchemka lenyewe mpaka jioni. Matano naye alilijua hilo, zamani, kabla hajawa bingwa.

Alikuwa na povu kichwani aliposikia mlipuko. Alifika mlangoni pamoja na Kafedha, jirani yake, mwanamke wa Kaloleni. Vigae vilikuwa vimetapakaa, na ukuta ukitiririka.

"Umelitia kizibo?" Kafedha akauliza.

"Nimelitia."

"Na wewe ni mwana wa mgema." Hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma Matano.

Ndani ya kibuyu yalikuwa yamesalia mafunda mawili. Alimwaga tone sakafuni kwa ajili ya koma, wazee waliotangulia, kama alivyokuwa akifanya baba yake, kisha akanywa. Miaka kumi na moja alikuwa akitema, haya aliyameza. Akaketi kitandani na sabuni yake, akalia. Alimtaka baba yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa anavyomtaka mama yake.

Jioni alimweleza Bi Helga kila kitu. Bi Helga alicheka, akasema si neno, safari ya mwezi wa tisa iko pale pale.

"Mama," Matano akasema, "divai yako yaweza kuningoja miaka kumi. Ya kwetu haingoji hata kesho. Niwie radhi, mwaka huu siji."

Aliomba likizo, akarudi Rabai na kibuyu kitupu.

"Mgeni amesemaje?" Mzee Mgandi akauliza kabla hajaitikia shikamoo.

"Hakulipata, baba. Nililifungia kwenye chupa, ikapasuka. Yaliyobaki nimeyanywa mimi."

Mzee alikipokea kibuyu, akakichungulia ndani. "Lilikuwaje?"

Matano, aliyeweza kuisifia glasi moja mpaka wageni wakasahau chakula, alilitafuta neno asilipate. Akavua viatu vyake vya hoteli.

"Nipe kotama," akasema. "Nitapanda mimi. Wewe nielekeze kutoka hapa chini."