Kahawa Iliyopoa

Wajumbe walifika baada ya sala ya Ijumaa, wanaume peke yao, wakaketi juu ya magodoro ya sebule yetu kama walioalikwa harusini. Walitaka nimrudishe dada yangu Rudayna kwa mumewe, Nawwaf. Baba alikwisha fariki. Neno lilikuwa langu.

Nikawamiminia kahawa. Msemaji wao, Sheikh Mitqal, alikiweka kikombe chini bila kukigusa. Hapa Karak mwenye nyumba akisema "kunywa," ombi limekubaliwa. Mgeni akiondoka bila kunywa, ombi limekataliwa, na aibu hubaki kwa mwenyeji.

"Abu Talal," akaniambia sheikh, "mke na mume ni ulimi na meno. Watagongana, lakini kinywa chao ni kimoja."

"Mbona kila siku aumiaye ni ulimi, sheikh?"

Nawwaf, aliyeketi kando ya sheikh, akacheka puani. "Nilimsukuma tu, shemeji. Wanawake wa leo, ukipiga chafya wanazimia."

Wageni wakaangua kicheko. Ami Dayfallah, ndugu wa baba yangu, naye akacheka, kisha akaninong'oneza: "Mwambie anywe, mwanangu. Inapoa hiyo. Watu watatusemaje?"

Huyu ndiye aliyemfundisha Rudayna kutembea katika ukumbi huu huu.

"Aliyepigwa ndiye atakayetamka," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Rudayna, njoo."

"Mwanamke mbele ya wajumbe?" ami akafoka. "Umerukwa na akili?"

Aliingia, akasimama mbele ya sheikh, akaishusha shela mpaka chini ya kidevu. Taya lilikuwa limevimba, rangi ya bilinganya. Alipofunua midomo tuliona nyaya ambazo daktari alikuwa amemfungia meno, ya juu kwa ya chini.

"Haya, dada yangu," nikamwambia, "mwambie sheikh anywe."

Hakuna aliyecheka. Sheikh alimgeukia Nawwaf. "Uliniambia ulimsukuma."

"Aliteleza, sheikh, wallahi, ngazi—"

"Nyamaza."

Rudayna akapiga magoti, akakichukua kikombe cha sheikh, akatoa mrija kwenye mkono wa kanzu yake. Huo ndio umekuwa kijiko chake na sahani yake tangu siku aliyopigwa. Akainywa kahawa ile baridi polepole, macho hayambanduki Nawwaf, mpaka mrija ukakoroma kwenye machicha.

Kisha akakipindua kikombe kitupu mbele ya mumewe, akarudi ndani.